Walisikiliza, Hawakununua: Mwongozo wa Kujenga Biashara kwa Podikasti, Kutokana na Makosa Yangu

Mwezi wa kumi na moja tangu nianze kurusha podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kusikilizwa mtandaoni, msikilizaji mmoja aliniandikia barua pepe ndefu yenye maneno mazuri. Alikuwa amesikiliza vipindi vyote 37, vingine mara mbili. Alinishukuru kwa kumfumbua macho mpaka akaamua kutafuta mtu wa kumtunzia hesabu za biashara yake. Ameshampata, akasema, na wanakwenda vizuri.

Kutunza hesabu za biashara ndogo ndiyo kazi yangu. Ndiyo iliyonifanya nianzishe podikasti. Lakini katika vipindi 37 sikuwahi kutamka, hata mara moja, kwamba kazi hiyo naifanya na kwamba anayeisikia sauti yangu anaweza kunipa.

Niliona aibu kujinadi. Nilidhani mtu akipenda ninachofundisha atajua mwenyewe pa kunipata. Ile barua ilinionyesha kwamba nilikuwa namfanyia msikilizaji robo tatu ya safari, kisha namwacha njia panda. Tangu siku hiyo nilianza kuandika kila kosa na nilichokifanya kulirekebisha. Hapa nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningeufuata kama ningeanza leo, si ule nilioufuata.

Hatua ya 1: Andika unachouza kabla hujagusa maikrofoni

Chukua karatasi ujaze sentensi hii: "Msikilizaji wangu anasumbuliwa na ____. Akinilipa, namfanyia ____. Njia ya kunipata ni ____." Kama nafasi ya pili iko tupu, una kipindi kizuri, pengine kinachosaidia watu, lakini biashara bado huna. Usiende hatua ya pili mpaka ijae.

Mimi sikuijaza kwa sababu niliamini wasikilizaji wakiwa wengi, wadhamini watakuja na fedha zao. Sikupiga hesabu, na ndiyo kazi niliyosomea. Ipige wewe. Matangazo ya podikasti kwa kawaida huuzwa kwa kila upakuaji 1000. Tuseme mdhamini yuko tayari kulipa 20, kwa sarafu yoyote unayotumia, kwa kila upakuaji 1000. Podikasti yako ina upakuaji 300 kwa kipindi, na unatoa vipindi vinne kwa mwezi. Hiyo ni 1200, yaani malipo ya 24 kwa mwezi. Mimi nilikuwa natumia saa nane kwa kipindi, kuanzia kutafuta mada hadi kukirusha. Saa 32 za kazi kwa 24.

Sasa wachukue wasikilizaji walewale 300. Mmoja tu kati yao akikupa kazi ya 200 kwa mwezi, umepata zaidi ya mara nane ya malipo ya mdhamini, na hujahitaji msikilizaji hata mmoja wa ziada. Kwa hiyo podikasti ndogo ianze kwa kuuza huduma, kwa sababu mteja mmoja anatosha kuonyesha kwamba njia inafanya kazi. Bidhaa kama kozi au kitabu zifuate ukishasikia swali lilelile kutoka kwa wateja wengi. Uanachama wa kulipia uje baada ya hapo. Wadhamini waje mwisho. Najua wengi wanashauri kinyume chake, na kwa podikasti yenye makumi ya maelfu ya wasikilizaji huenda wako sahihi. Kwa tunaoanza, huo ushauri unaumiza.

Hatua ya 2: Chagua jina linalotafutika

Jina la kwanza la podikasti yangu lilikuwa neno moja nililolichomoa kwenye methali. Lilikuwa tamu mdomoni, lakini mwenye duka aliyeshindwa kujua faida yake iko wapi hawezi kuliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Ataandika "hesabu za biashara". Maneno hayo, yale anayoyatumia yeye, ndiyo yanayopaswa kuwa kwenye jina. Nilipokuja kulibadilisha, baadhi ya wasikilizaji wa zamani waliona jina geni kwenye simu zao, wakalifuta.

Vichwa vya vipindi navyo vifuate njia hiyohiyo. "Mazungumzo na mgeni wetu" hakimwambii mtu chochote. "Kwa nini duka lina mauzo lakini droo haina pesa" kinamwita mwenye shida hiyo kwa jina lake.

Kava liwe la mraba. Apple, kwa programu yake ya kusikilizia podikasti, inataka liwe kati ya pikseli 1400 na 3000 kwa kila upande, lakini msikilizaji ataliona likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Lipunguze mpaka ukubwa huo, ulisogeze mbali kidogo na macho. Kama husomi jina, punguza maneno.

Hatua ya 3: Tengeneza chumba kwanza, maikrofoni baadaye

Hapa nilipoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Nilinunua maikrofoni ghali ya kondensa, nikaiweka kwenye meza katika chumba chenye vigae na dirisha kubwa la kioo. Kondensa ina masikio makali. Ilisikia friji ya chumba cha pili, ikasikia saa ya ukutani, ikasikia sauti yangu ikigonga kioo na kunirudia. Nilihariri kwa wiki nzima kujaribu kuuondoa mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki vizuri kwa programu yoyote ya bei ya kawaida.

Fanya hivi. Tafuta chumba kidogo chenye vitu laini: kitanda, mapazia mazito, nguo zilizotundikwa. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaendelea baada ya kofi, ongeza blanketi. Chukua maikrofoni ya dainamiki, aina isiyo na masikio makali kama kondensa, hata ya bei ndogo, uiweke umbali wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Ukaribu huo ndio unaoifanya isisikie mengine. Zima feni. Zima friji, na weka funguo zako za nyumba ndani yake: huwezi kutoka bila kuifungua na kukumbuka kuiwasha.

Wakati wa kurekodi, sauti yako ikipanda iwe karibu na desibeli -12, isifike sifuri, maana ikifika hapo inapasuka na kupasuka huko hakurekebishiki. Baada ya kuhariri, weka kiwango cha jumla karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na kilele kisizidi desibeli -1. Hivyo ndivyo Apple inavyopendekeza, na ukivifuata msikilizaji hatalazimika kuongeza na kupunguza sauti kila anapotoka kwenye kipindi kimoja kwenda kingine.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: uzito wa faili. Saa moja ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde hukaribia MB 58. Kwa mazungumzo matupu, mono, yaani sauti ya njia moja, ya kilobiti 64 inatosha, na uzito unakuwa nusu. Msikilizaji anayelipia data kwa kipimo atakushukuru bila wewe kujua.

Hatua ya 4: Mgeni, na rekodi ambayo hairudi

Katika mwezi wa tano nilimkaribisha mama mmoja aliyefunga duka lake baada ya miaka tisa. Tulikaa chumbani kwangu, maikrofoni katikati. Alianza taratibu. Akafika kwenye siku aliyomlipa msaidizi wake wa mwisho: alivyoihesabu ile pesa mara tatu mezani kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, na alivyokosea mara zote tatu. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Tulipomaliza, nilitazama kinasa nikakuta kadi ya kumbukumbu ilijaa dakika ya 14.

Alikubali kurudi wiki iliyofuata. Alikisimulia kisa kilekile kwa nusu ya maneno, na mara hii mikono haikutajwa.

Tangu hapo sirekodi mtu kabla ya kufanya mambo haya. Nafuta kadi na kuangalia nafasi iliyobaki. Narekodi sekunde 30 na kuzisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Kuona mstari unacheza kwenye skrini hakutoshi. Naweka kinasa cha pili, hata kama ni simu, kikiwa kimeshaanza. Mgeni akiwa mbali, namwomba ajirekodi mwenyewe upande wake huku tukiongea, kisha anitumie faili. Mtandao ukikatika, sauti yake inabaki nzima. Wote wawili tunatumia kipimo kimoja cha kunasa sauti, 48 kHz (yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), kwa sababu zile tofauti za 44.1 na 48 zikichanganywa vibaya, sauti za watu wawili huachana kadiri dakika zinavyokwenda. Tunapiga kofi moja mwanzoni ili nipate alama ya kuzioanisha. Mazungumzo yakiisha, nahakikisha zipo nakala tatu kabla sijafuta chochote, moja ikiwa nje ya nyumba yangu.

Pata pia ridhaa ya mgeni kwa maandishi, hata ujumbe mfupi, ukitaja kwamba utahariri, utarusha, na utatumia vipande kutangaza kazi yako. Muziki nao uwe na leseni inayotaja podikasti. Kuununua wimbo kwa kusikiliza hakukupi haki ya kuurusha.

Kuhusu nani wa kumwalika, nilikosea kwa kukimbiza majina makubwa. Mgeni maarufu kuliko wote niliowahi kupata alinipa upakuaji mwingi wa wiki moja. Wiki iliyofuata ukarudi palepale, na hakuna aliyenunua. Mashabiki wake walimfuata yeye, kisha wakaondoka naye. Vipindi vilivyoniletea kazi ni vile nilivyokaa na mtu wa kawaida na daftari lake, tukatafuta pamoja pesa inavujia wapi.

Hatua ya 5: Ratiba unayoiweza siku ukiwa mgonjwa

Niliahidi kipindi kila wiki. Nilifika cha 12 nikakaa kimya wiki tano. Rekodi vipindi sita kabla ya kurusha cha kwanza, rusha vitatu siku ya uzinduzi ili mtu aliyekupenda apate cha kuendelea nacho, na usiache akiba ishuke chini ya viwili. Kama kila wiki ni nzito, toa kila wiki mbili. Au gawa kazi kwa misimu ya vipindi nane na utangaze mapumziko mapema.

Hatua ya 6: Hakikisha mlisho ni wako

Hatua hii inaonekana ya mafundi, na ndiyo sababu iliniumiza. Isome polepole.

Podikasti ilijengwa juu ya teknolojia iitwayo RSS. Mwandishi Ben Hammersley alipoliandika neno "podcasting" katika gazeti la The Guardian mwaka 2004, na Apple ilipoingiza podikasti kwenye iTunes mwaka 2005, msingi ulikuwa uleule tunaoutumia sasa: faili moja la maandishi lenye orodha ya vipindi na mahali sauti zilipo. Faili hilo ndilo mlisho. Linakaa kwenye huduma inayokuhifadhia sauti, na programu za kusikilizia hulisoma kutoka huko. Msikilizaji anapobonyeza kukufuata, anachofuata kwa hakika ni anwani ya mlisho huo. Mwenye nenosiri la mlisho ndiye mwenye wasikilizaji.

Mimi nilianza na mwenzangu. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake kwa sababu siku hiyo yeye ndiye alikuwa mbele ya kompyuta. Hatukuandikiana chochote. Tulipoachana, na hatukuachana vizuri, nilikaa miezi mitatu bila uwezo wa kurusha kipindi. Wasikilizaji walikuwepo, simu zao zilikuwa zinauliza kila siku kama kuna kipya, na mimi sikuwa na mlango wa kuwafikia.

Kwa hiyo fungua akaunti kwa barua pepe ya biashara, ile ambayo haitaondoka na mtu. Sajili anwani ya tovuti kwa jina la biashara. Kabla ya kuchagua huduma ya kuhifadhi, hasa ya bure, uliza swali moja: nikitaka kuhama, mtaelekeza mlisho wangu wa zamani kwenye mpya? Uelekezo huo wa kudumu mafundi huuita 301. Kama jibu ni hapana, tafuta huduma nyingine. Ukihama, acha uelekezo ukae angalau wiki nne, kama Apple inavyoshauri. Mimi ningeuacha mwaka mzima. Hakikisha pia vipindi vya zamani vinahama na namba zao za utambulisho, zile ziitwazo GUID. Zikibadilika, programu zitaviona ni vipya na kuvipakua tena kwa wasikilizaji wote.

Kama una mwenzako, andikeni ukurasa mmoja leo, mkiwa bado mnacheka pamoja. Jina ni la nani? Mlisho? Rekodi? Orodha ya barua pepe? Mmoja akiondoka anachukua nini? Wote wawili mtie sahihi.

Hatua ya 7: Taja unachouza, katika kila kipindi

Baada ya ile barua nilikimbilia upande wa pili. Mwisho wa kila kipindi niliomba watu wanifuate, wanipe nyota, wawaambie marafiki, watembelee tovuti na wanipigie simu. Maombi matano kwa dakika moja, na hakuna hata moja lililofanyiwa kazi. Tena niliyaweka mwisho kabisa, wakati wengi wameshasogeza mbele au wameshafika waendako.

Omba jambo moja kwa kipindi, uliombe katikati, mara tu baada ya sehemu iliyomgusa msikilizaji, na uliseme kwa maneno yako kama unavyozungumza naye. Mimi sasa husema hivi: "Kama umesikia hapa na kujiambia 'huyu ananisema mimi', kazi ya kupanga hesabu za namna hii ndiyo ninayoifanya kila siku. Nina karatasi ya mauzo ya siku, ni bure, ipo kwenye tovuti yangu. Ijaze kwa wiki moja, kisha nitumie tuiangalie pamoja." Sekunde 20, basi.

Ile karatasi ina kazi mbili. Inamsaidia mtu hata asiponilipa kamwe, na hilo silifanyii mzaha. Pia inaniachia barua pepe yake. Takwimu za upakuaji hazina majina. Unaweza kuwa na wasikilizaji 1000 na usiweze kumwandikia hata mmoja.

Anwani unayoitamka iwe fupi, isiyo na vistari wala namba. Ijaribu: mpigie mtu simu, mtajie mara moja, mwambie aiandike. Akikosea, badilisha anwani. Na kila mteja mpya mwulize swali moja, "Umenijuaje?", kisha andika jibu lake kwenye daftari. Daftari hilo limeniambia mengi kuliko programu yoyote ya takwimu.

Hatua ya 8: Soma namba kwa akili

Kwa mwaka mzima kitu cha kwanza nilichokitazama asubuhi kilikuwa idadi ya upakuaji. Upakuaji si usikilizaji. Kwa mujibu wa vigezo vya IAB, chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni, vinavyotumiwa na huduma nyingi, faili huhesabiwa ikishatolewa sauti ya angalau dakika moja, hata kama hakuna aliyeifungua. Mwaka 2023 Apple ilibadilisha namna simu za iPhone zenye mfumo wa iOS 17 zinavyopakua vipindi zenyewe, na podikasti nyingi zikaona namba zinashuka ilhali wasikilizaji hawajaondoka.

Linganisha kila kipindi kwa siku zake 30 za kwanza. Ingia kwenye takwimu za Apple Podcasts na Spotify uone watu wanaachia dakika ya ngapi. Mimi nilikuta kundi zima linaondoka kabla ya dakika ya tatu, wakati bado nasalimia na kueleza wiki yangu ilivyokwenda. Nilikata salamu. Kipindi sasa kinaanza na swali.

Hatua ya 9: Mdhamini akija

Nilimkubali wa kwanza bila kufikiri, kwa furaha ya kuonekana. Ilikuwa huduma ya mikopo ya haraka, na mimi nilikuwa nafundisha watu wasikope kabla ya kujua mzunguko wa fedha zao. Wasikilizaji watatu waliniandikia wakisema walikopa kwa sababu nilisema mimi. Mmoja wao alishindwa kulipa. Nililikatisha tangazo na kurudisha malipo yaliyobaki, nikaomba radhi hewani, lakini lile lililomfika siwezi kulirudisha.

Kanuni yangu sasa ni kwamba situmii sauti yangu kwa kitu ambacho nisingempa ndugu yangu. Ukikubali, sema waziwazi kwamba ni tangazo la kulipiwa. Mkataba utaje idadi ya vipindi, tarehe, sehemu ya kipindi, urefu wa tangazo, na nusu ya malipo kabla ya kurusha.

Hatua ya 10: Rudi kwenye vipindi vya zamani

Vile vipindi 37 nisingevitupa. Watu wapya hurudi nyuma, na kipindi cha zamani kikijibu shida ya leo kinaendelea kufanya kazi. Huduma nyingi za kuhifadhi hukuruhusu kubadilisha faili la sauti bila kubadilisha utambulisho wa kipindi. Nilirekodi zile sekunde 20, nikazipandikiza katikati ya kila kimoja, nikasahihisha vichwa, nikapakia upya. Ilinichukua Jumamosi mbili. Sikubadilisha kingine; hata ule mwangwi wa chumba cha vigae bado umo.

Mteja wa kwanza aliyeletwa na kazi hiyo alisikiliza kipindi cha 9, wakati huo kikiwa na zaidi ya mwaka mmoja. Alikuja na ile karatasi ya mauzo imejazwa siku saba, kwa kalamu ya risasi, na siku ya nne ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara mbili. Tulianzia hapo.